Siku Bafle Langu Lilipomeza Sauti ya Josefina

Watoto wa Mushaki, kijiji chetu, wakiniona napita barabarani na waya mkononi, hufungua na kufunga midomo kama watu wanaoongea bila sauti, wanatikisa mabega, kisha wanakimbia, na mimi siwafukuzi, kwa sababu mchezo huo ni mimi niliyewapa. Aibu yake nimeizoea. Mtu huzoea hata jino bovu. Kinachonikosesha raha ni kitu kingine ambacho hao watoto hawakijui, na kwa kuwa mmeniuliza wenyewe, kaeni, nitawaeleza yote, hata ile sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mimi ni fundi wa sauti. Nilimaliza sekondari, sehemu ya umeme, na tangu hapo nimetengeneza redio, ampli, yaani mashine za kukuza sauti, na zaidi ya yote masanduku ya spika, ambayo sisi huku tunayaita bafle. Bafle langu lina spika mbili, moja kubwa ya besi na moja ndogo ya juu, twita, na kati ya spika hizo na ampli ninaweka filitre. Filitre si mashine ya ajabu, haina hata umeme wake yenyewe. Ni bobini ya waya wa shaba na kondasateri, kile kidude kinachopitisha sauti nyembamba tu, basi. Kazi yake ni kugawa sauti kama mama anavyogawa chakula: yale mazito yaende kwa spika kubwa, yale membamba yaende kwa ndogo. Ukizungusha bobini kubwa mno, besi inabaki na yale mazito kabisa tu. Ukiweka kondasateri ndogo mno, twita nayo inapata yale membamba kabisa tu. Hapo katikati kunabaki shimo, na sauti ya binadamu anayeongea inakaa hapohapo katikati. (Msidhani nilikuwa siyajui haya. Nimeyajua tangu shuleni, na hilo ndilo linaloniondolea udhuru.)

Mbele ya kibanda changu, ng'ambo ya barabara, kuna duka la Papa Paluku, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kwelikweli, mtu wa maneno machache. Mke wake aliitwa Josefina. Huyo alikuwa binti wa Kibua, kule Walikale, msituni, na alikuwa akicheka mpaka wapita njia wanasimama kununua misumari wasiyoihitaji. Aliugua, akapelekwa Goma hospitalini, na wakati huo njia ya kutoka kwao ilikuwa imefungwa, mnajua wenyewe njia zetu. Mama yake, Koko Veronika (koko kwetu ni bibi mzee), alijaribu kuja, akarudishwa, akajaribu tena, akarudishwa. Josefina akafa bila kumwona.

Lakini kabla ya kufa aliomba simu ya mume wake akarekodi maneno ya kumwachia mama yake. Papa Paluku alitueleza yaliyomo, hayakuwa siri: kwamba hakukasirika, kwamba anajua njia ilifungwa, kwamba mama asibebe mzigo. Na mzigo huo Koko Veronika aliubeba hasa, maana kwao, pamoja na rozari na misa zote, wanaamini kwamba mtoto akifa na kinyongo kwa mama yake, yeye halali na mama naye halali. Alipofika Mushaki hatimaye, walimweleza maneno hayo kwa kupiga kelele sikioni, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekwisha kuwa mazito, akawasikiliza wote, akatikisa kichwa kukataa.

"Muntu anaweza kukudanganya kusudi akutulize roho," alisema. "Mie ninataka sauti yake. Sauti yake haitanidanganya."

Neema, mdogo wake Josefina, aliyemleta mama kutoka Kibua, alimwekea simu sikioni. Mama akangoja, akasema anasikia mbu.

Basi Papa Paluku akavuka barabara akaja kwangu. Siku ya kutoa matanga ilikuwa karibu, ukoo wote utakuwepo, alitaka sauti ile itoke kubwa, mama asikie, na watu wawe mashahidi kwamba amesikia. Akaniambia parokia inaweza kumwazima ile pembe yao ya zamani, ile ya bati inayotumika kwenye maandamano ya Bikira Maria, je, mimi ningeweza kuiunganisha na simu? Ningeweza. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Na pembe ile, kwa ubaya wake wote, ukisema neno ndani yake linasikika mpaka kwenye malisho ya ng'ombe.

Sasa angalieni mahali nilipoanguka, maana ni padogo, mtu angeweza kuparuka bila kuona. Nilimwambia hapana.

"Ile pembe inasemea mu pua," nilisema. "Josefina hatasemea mu pua siku yake ya mwisho. Nitamutengenezea bafle, utasikia mpaka pumzi yake."

Papa Paluku aliniangalia, akasema ile ya parokia inatosha, hataki mambo makubwa. Nikamshika bega, nikamwambia aniachie mimi. Na yeye, kwa kuwa ni jirani na alikuwa amechoka na kilio, akaniachia.

Nikaanza. Waya wa shaba niliutoa kwenye mota ya kinu iliyoungua, waya mzuri, mrefu, na nikauzungusha wote kwenye bobini, wote, kwa sababu kadiri bobini inavyokuwa kubwa ndivyo besi inavyokuwa nzito, na kwetu bafle hupimwa kwa shati. Ndiyo, kwa shati. Mteja anakuja, anasimama mbele, unamwekea rumba, na shati likitikisika kifuani anasema bafle ni zuri. Kisha anainamisha sikio kwa twita, vile vyuma vya ngoma vikikata kama wembe, anasema bafle ni zuri sana, anaondoka amefurahi. Katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyewahi kuja na mtu anayeongea. Kondasateri niliyoihitaji ilikuwa ije kutoka Goma kupitia Sake, haikuja, na mimi sikutaka kwenda kumwambia Papa Paluku kwamba sijamaliza, basi nikang'oa nyingine kwenye redio iliyokufa. Ilikuwa ndogo, ndogo mno, lakini nikajiambia kondasateri ndogo inailinda twita isiungue. (Ni kweli inailinda. Uongo mzuri siku zote una ukweli ndani yake.)

Nikapaka sanduku rangi nyeusi, nikaandika jina langu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, ili watu wa Butembo wajue. Nikaweka rumba. Shati likatikisika. Nikamwita mke wangu aje asikie, akaja na unga mikononi, akasikiliza, akasema ni nguvu, kweli. Kisha akaniambia, "Baba Bauma, semamo kidogo tusikie." Yaani niseme kitu ndani ya bafle, kidogo tu. Nikamwambia mikrofoni iko chini ya vitu vingi, na bafle linalopiga rumba vile litashindwaje na mwanamke mmoja anayeongea polepole? Akarudi kwenye unga wake.

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Mbele ya duka walikuwa wamefunga shitingi, turubai kubwa juu ya miti, na chini yake watu wamejaa kwenye mabenchi: ukoo wa Paluku waliotoka mbali, makatekista, wanawake wa soko, wauza jibini, wachunga ng'ombe wamesimama pembeni na fimbo zao. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, picha ya Josefina na mishumaa. Koko Veronika alikaa karibu na meza, mdogo, amevaa kitenge cheusi, na kitambaa cha kichwa amekifungua upande mmoja ili sikio lake bora liwe wazi. Bafle nililifunga juu kwa kamba kwenye mti mmoja wa shitingi, kwa sababu nilitaka sauti imshukie mama kutoka juu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Papa Paluku, kwamba imshukie kutoka juu. Ona mtu.

Sala zikaisha, nikasimama. Hakuna aliyenituma kuhutubia, lakini nilihutubia. Niliwaomba wote wanyamaze, niliwaomba akina mama wenye watoto wachanga wawanyonyeshe, nilimwomba hata mchunga ng'ombe mmoja awasogeze wanyama wake mbali, akawasogeza bila kupenda, na nikawaambia kwamba leo watasikia mpaka pumzi ya marehemu. Kukawa kimya kiasi kwamba matone ya shitingi yalisikika. Koko Veronika aliniangalia mikono kama mtoto anavyoangalia mikono ya mtu anayemenya muwa.

Nikabonyeza.

Kilichotoka kilikuwa mngurumo, vuu, vuu, kama lori linalopanda mlima kwa mbali, na juu yake mchemko mwembamba, tss, tss, kama mafuta kwenye sufuria. Mara mngurumo, mara mchemko, na katikati hakuna mtu. Watu walijua kuna anayeongea kwa sababu palikuwa na vituo, kama mtu anayevuta pumzi. Pumzi waliisikia, kweli kama nilivyoahidi. Neno hata moja hawakulisikia.

Nilijua palepale. Mtu mwingine angefikiri ni simu, au ni betri. Mimi niliona bobini yangu na kondasateri yangu mbele ya macho, na shimo lililo kati yao, na Josefina yumo mle ndani anamwita mama yake. Ningezima hapo, nikasema jamani ni kosa langu, leteni ile pembe, mkasa ungekwisha kabla haujawa mkasa. Lakini mbele yangu kulikuwa na watu wa Butembo na jina langu limeandikwa kwa rangi nyeupe.

Koko Veronika alimvuta Neema kitenge. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia, "Njo mvua tena? Josefina iko wapi?" Yaani, ndiyo mvua tena?

Nikaongeza sauti. Mngurumo ukawa mkubwa, mchemko ukawa mkali, wauza jibini wakaziba masikio. Nikaongeza tena. Shitingi ikaanza kutetemeka, na juu yake maji ya asubuhi yalikuwa yamekusanyika kama kwenye beseni, na kamba niliyoifunga mimi mwenyewe ikaanza kuteleza kwenye mti uliolowa. Twita ikatoa moshi. Nilirukia ampli, lakini bafle lilikuwa limekwisha kushuka, likauvuta mti, mti ukainama, na maji yote ya shitingi yakamwagika mahali palipokuwa chini: juu ya meza, juu ya mishumaa, juu ya picha ya Josefina, na juu ya mapaja ya mama yake.

Vijana nyuma walicheka, siwalaumu, kisha wakaona hakuna anayecheka mbele. Shemeji mmoja wa Paluku, mtu mnene mwenye kofia, alijifuta uso akaniangalia.

"Papa Bauma," alisema, "tulikuya kumaliza kilio. Hatukukutuma utuletee kingine."

Mtu mmoja wa soko aliuliza kama hiyo ndiyo pumzi niliyowaahidi. Mwingine alisema afadhali marehemu angeimba rumba. Nilikuwa nimepiga magoti naokota bafle langu, jina langu limepinduka kichwa chini, na natamani ardhi ile ya matope iwe na mlango.

Papa Paluku hakunigombeza. Alimtuma mtu parokia alete pembe, naye akaanza kuikausha picha ya mke wake kwa mkono wa shati lake. Na pembe ililetwa, jamani, ililetwa upesi, ingekuwa imetosha. Lakini Koko Veronika alikuwa ameishika picha iliyolowa, anaitazama, na walipomwonyesha pembe akainua mkono.

"Muache," alisema. "Amefika kusema na mie, akakataa. Akazima mishumaa. Musimulazimishe."

Neema akampigia kelele sikioni, Papa Paluku akapiga kelele, makatekista wakamweleza kwamba ni mambo ya umeme tu. Nami nikamkaribia, nikapiga magoti kwenye maji, nikasema kwa nguvu zangu zote, mbele ya watu wote, kwamba kosa si la Josefina, kosa ni langu, ni filitre yangu, niliigawa sauti vibaya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku hiyo kusema ukweli. Alinipapasa kichwa, mkono wake ulikuwa baridi na umelowa.

"Uko na roho nzuri, Papa," alisema. "Nilisema, muntu anaweza kukudanganya kusudi akutulize roho."

Asubuhi iliyofuata mama na Neema wakaondoka kurudi Kibua.

Ndiyo sababu watoto wanafungua midomo bila sauti. Lakini hadithi haijaisha, na hapa ndipo ningependa kuruka.

Nilipaswa kuitengeneza upya ile filitre wiki ileile. Sikuitengeneza. Bafle lilikaa pembeni ya kibanda, uso ukutani, na mimi nilipita upande mwingine wa barabara ili nisikutane na Papa Paluku, nikajifanya nina kazi Sake, nina kazi Masisi, na kila nilipolishika sanduku lile niliona aibu ya shati na ya jina jeupe, si aibu ya yule mama. Nilipopata moyo, njia ikafungwa. Ilipofunguka, mvua ikaikata. Hivyo muda ukapita, na mwingi wa muda huo ulikuwa wangu, si wa njia.

Hatimaye kondasateri sahihi ilifika. Bobini niliifumua, nikapunguza waya, nikapima, nikapunguza tena, bila kuweka hata wimbo mmoja. Nilimwomba mke wangu aongee. Aliongea kwenye mikrofoni kuhusu bei ya viazi, kuhusu dada yake, kuhusu mimi, nami nikasimama nyuma ya nyumba nasikiliza, mpaka nikaweza kurudia kila neno. (Yale ya kunihusu mimi yalisikika vizuri kuliko yote.) Kisha Papa Paluku akaniazima simu, akakaa kwenye kiti changu, tukaweka maneno ya Josefina. Alisikiliza mpaka mwisho na mikono yake imefunika uso. Aliponyanyuka alisema neno moja tu, "Peleka."

Nikapeleka. Moto, yaani pikipiki, ilinifikisha hadi inapoweza kufika, na Neema akaja kunipokea hapo, tukatembea, mimi nimebeba bafle mgongoni na yeye amebeba betri kichwani. Njiani alikuwa kama mtu anayetaka kusema kitu. Akaiweka betri sawa kichwani, tukaendelea.

Koko Veronika alikuwa ameketi mlangoni anamenya ndizi. Aliponiona na sanduku, alinitambua, au alilitambua sanduku. Nililiweka karibu na magoti yake, si juu. Jina langu nilikuwa nimelifuta. Neema akainama sikioni akapiga kelele kwamba Papa Bauma ameleta Josefina, na kwa mkono akamwonyesha bafle, simu, sikio. Mama akaweka kisu chini. Akafungua kitambaa cha kichwa upande mmoja, akafumba macho.

Nikaunganisha waya. Miwani ilikuwa na jasho, nikawa naitafuta ile rekodi kwenye simu, naipita, narudi. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Basi nikiwa bado naitafuta, nikasikia mama anavuta pumzi kwa nguvu. Nikainua macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Njo yeye," alisema. "Njo mutoto wangu. Amenisamehe." Akanishika mkono, ule ulioshika simu. "Aksanti, Papa. Sasa unaweza kupumuzika."

Neema aliniangalia, nami nikamwangalia. Kidole changu kilikuwa bado hakijagusa kitu.

Nikabonyeza hata hivyo, ningefanya nini? Na sauti ikatoka safi, ya mwanamke mgonjwa lakini safi, kama amekaa nasi pale mlangoni. "Mama, njo mie Josefina. Najua njia ilifungwa. Hauna kosa. Zile ndizi ulinitumia zilifika, tulizila sisi bote, mama, usilie." Wanaume waliokuwa wamesimama walivua kofia. Neema alikaa chini kwenye vumbi. Kila mtu wa kijiji kile alisikia kila neno, na Koko Veronika alikuwa ananiangalia mimi usoni, anatikisa kichwa polepole kukubali, na sauti ilipokwisha aliendelea kutikisa kichwa, mpaka nilipoanza kukunja waya ndipo akaacha.

Baadaye Neema alinisindikiza.

"Tangu mvua kubwa zilianza, hata ngurumo hasikii," aliniambia. "Nilitaka kukuambia mu njia. Lakini ulikuwa umebeba ile kitu mu mugongo."

Tangu siku hiyo bafle halitoki kwangu kabla mtu hajaongea ndani yake na mtu mwingine, upande wa pili wa ukuta, hajarudia alichosikia. Wateja wanakasirika, wanataka rumba, wanataka shati litikisike. Nawaambia kwanza tuongee. Jina langu siandiki tena mahali popote. Na mtu akiniomba pembe ya parokia, namuunganishia pembe ya parokia.

Ile filitre ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Niliiacha Kibua, ndani ya sanduku lake, kwa mtu aliyenidanganya ili kunituliza roho.